Dawa Ipo, Lakini ni Kilomita Ngapi?

Wiki hii nawapeleka Rungwa.

Wengi wenu mjini hamkuijui, na siwalaumu. Ni kijiji cha mkoa wa Singida, kusini kabisa mwa Manyoni, pembeni mwa pori la akiba lenye jina hilohilo. Ni nchi ya Wakimbu, ya miombo na asali, na ya ndorobo wanaoingia ndani ya basi kama waliokata tiketi. Ukitoka Itigi kwenda Mbeya kwa njia ya Makongolosi na Chunya, Rungwa utaipita tu, upende usipende. Kutoka Itigi, kwenye hospitali ya misheni inayotegemewa na watu wa upande ule, mpaka Rungwa ni zaidi ya kilomita 170. Njia hiyo naijua. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori huko, na mimi nikiwa mtoto niliihesabu kwa mashimo kuliko kwa kilomita.

Safari ya mwisho niliyopita huko, basi letu lilikatika springi. Dereva na utingo wakaingia uvunguni, sisi abiria tukajazana kwenye kimgahawa cha makuti, chai ya rangi na chapati za asubuhi. Redio ya mwenye mgahawa ilikuwa inasoma habari za nje: waomba hifadhi waliokataliwa huko Ulaya wanarudishwa kwao. Kijana mmoja aliyevaa jezi akarukia: "Warudishwe tu! Wanakwenda kudanganya huko." Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Mama mmoja aliyekuwa na madumu ya asali akauliza kwa upole, "Hata aliye mgonjwa, mwanangu?"

Nikajikuta nimeingia katika mazungumzo. Mwandishi wa habari ni mtu asiyeweza kunyamaza mgahawani. Nikawasimulia kesi ya dada yetu mmoja wa Uganda, ambayo nimeifuatilia kwa miaka mingi, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia nanyi leo kwa nafasi kubwa kidogo kuliko ile niliyopewa na springi ya basi.

Jina lake halijulikani kwa umma. Mahakama ziliamua kumwita N, herufi moja tu, na mimi nitaliheshimu hilo. Alizaliwa Uganda mwaka 1974. Tarehe 28 Machi 1998 aliingia Uingereza kwa jina lisilo lake. Alikuwa mgonjwa mahututi, akalazwa. Madaktari walipompima wakakuta ana virusi vya ukimwi, na kifua kikuu kimekwisha kuenea mwilini. Mwaka huohuo ikamzukia na saratani ya Kaposi. Chembe zake za CD4, zile askari wa mwili wanaopambana na maradhi, zilishuka mpaka 10. Mtu mwenye afya huwa nazo zaidi ya 500. Kwa lugha ya nyumbani, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa.

Madaktari wa London wakamwanzishia dawa za kufubaza makali ya virusi, hizi tunazoziita ARV. Miaka ikapita, mwili ukarudi, na kufikia mwaka 2005 zile CD4 zilikuwa zimepanda hadi 414. Madaktari wakasema akiendelea na dawa anaweza kuishi miongo kadhaa. Akikatishwa, ni mwaka mmoja au miwili, tena ya maumivu.

Sasa turudi nyuma tuelewane kuhusu wakati wenyewe, maana vijana wa leo wanaiona ARV kama panado. Sisi wa upande huu wa ziwa tuliusikia ugonjwa huu mapema kuliko wengi. Mwaka 1982 watu wa Kasensero, mwalo wa wavuvi katika Rakai ya Uganda, walianza kukonda na kufa; Waganda wakauita "Slim". Mwaka 1983 ukaonekana kwetu Kagera, na watu wa Bukoba wakaupa jina la Juliana, jina la shati lililokuwa likiuzwa na wafanyabiashara wa magendo. Mwaka 1996 ndipo dunia ilipotangaziwa kwamba dawa tatu zikiunganishwa zinamrudishia mtu uhai. Lakini kwa bei gani! Mpaka mwaka 2000 dozi ya mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja ilikuwa dola 10,000 na zaidi. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itawauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350 kwa mwaka, na wakubwa wa biashara ya dawa wakatahayari. Tanzania, ambako Rais Mkapa alikuwa ameutangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, ilianza kugawa ARV bure Oktoba 2004.

Nina mtoto wa mama mkubwa aliyekuwa utingo wa lori katika njia hiihii ya Rungwa. Alianza kuugua mwaka 2000. Baba alikwenda kuulizia dawa katika hospitali moja kubwa, akatajiwa bei, akarudi nyumbani akakaa kimya siku mbili. Ng'ombe wa ukoo mzima wasingetosha miezi mitatu. Dawa ilikuwepo, alisema baba, ameiona kabatini kwa macho yake. Kaka yetu tulimzika 2002.

Kwa hiyo niliposoma baadaye kwamba mwezi Machi 2001 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza alilikataa ombi la N, na kwamba mojawapo ya sababu zake ni kuwa dawa zote kubwa za ugonjwa huo zinapatikana Uganda tena kwa bei ya ruzuku, niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Nilimkumbuka baba na kabati lake.

Hapa lazima niwe mkweli, kama nilivyokuwa mkweli kwa yule kijana wa jezi. N alikuwa na madai mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la hifadhi. Alidai kwamba kwao aliteswa na kubakwa na watu wa serikali kwa kuhusishwa na waasi wa Lord's Resistance Army. Wizara haikumwamini. Mwaka 2002 mwamuzi wa rufaa za uhamiaji naye hakumwamini. Dai hilo likaisha hapo, nami sina ushahidi wa kubishana nao. Kijana akapiga meza: "Si nimesema!" Nikamwambia subiri, bwana mdogo, bado nusu ya pili.

Dai la pili halikuhusu yaliyompata. Lilihusu yatakayompata. Mkataba wa Haki za Binadamu wa Ulaya, uliotiwa saini Roma mwaka 1950, unasema katika ibara yake ya 3 kwamba mtu yeyote asiteswe wala asitendewe unyama au udhalilishaji. Haisemi raia. Haisemi mkweli. Inasema mtu yeyote. Uingereza iliuingiza mkataba huo katika sheria zake kwa sheria ya mwaka 1998, ikaanza kutumika Oktoba 2000. Mawakili wa N wakauliza: kumtoa mtu kwenye dawa inayomweka hai, ukampandisha ndege kwenda mahali ambapo hataipata, huo si unyama? Na swali hilo halijali kama aliingia kwa jina la shangazi yake.

Mwamuzi yuleyule aliyemkatalia hifadhi alimkubalia hili la pili. Serikali ikakata rufaa, na Novemba 2002 baraza la rufaa likaipa serikali ushindi. N akaenda Mahakama ya Rufaa. Oktoba 2003 majaji wawili walimkatalia, mmoja akawa upande wake. Akapanda hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Tarehe 5 Mei 2005 majaji wote watano wakamkatalia.

Msidhani walikuwa watu wa roho mbaya. Nimeisoma hukumu hiyo. Mmoja wao, Lord Nicholls, alikiri mwenyewe kwamba kumrudisha ni sawa na kuzima mashine inayompumulisha mgonjwa. Akakiri, kisha akakubali azimiwe. Sababu yao ni kwamba mkataba hauilazimishi nchi kumtibu daima kila mgeni asiye na haki ya kukaa, kwa kuwa tu kwao hakuna matibabu kama hayo. Wakifungua mlango huo kwa mmoja, walisema, watawafungulia wangapi?

Na walikuwa na kesi ya kujipimia. Mwaka 1993 kijana mmoja wa kisiwa cha St Kitts, huko Karibi, alikamatwa uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na kokeini. Alifungwa miaka sita, akiwa gerezani akagundulika ana ukimwi. Wakati wa kutolewa Uingereza ikataka kumrudisha kwao. Tarehe 2 Mei 1997 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, Ufaransa, ikasema hapana: mtu huyu yuko kitandani pa mauti, kwao hana wa kumuuguza wala pa kulala, kumrudisha ni unyama. Aliachwa afie Uingereza.

Mama wa asali alishika kidevu. "Kwa hiyo mwuza unga alikubaliwa, na huyu dada akakataliwa?"

Ndivyo, mama. Yule alikubaliwa kwa sababu alikuwa anakufa. Huyu alikataliwa kwa sababu dawa za Waingereza zilikuwa zimemponya akawa anaweza kusafiri. Angebaki na CD4 zake 10, huenda angeshinda. Mgahawani hapo watu walicheka, kicheko kile cha msibani.

N hakukata tamaa. Alipeleka kesi yake Strasbourg. Kesi ikasikilizwa na jopo kubwa la majaji 17, na hukumu ikatolewa tarehe 27 Mei 2008. Kumi na wanne dhidi yake, watatu upande wake. Walioshinda walisema mkataba hauwezi kuzibeba tofauti zote za utajiri kati ya nchi na nchi kwa kuwapa wageni wote matibabu ya bure bila kikomo. Wakasema pia kwamba kubashiri hali yake itaharibika upesi kiasi gani kuna kukisia ndani yake, kwa kuwa matibabu ya ukimwi yanabadilika duniani kila siku. Wale watatu waliobaki, Tulkens, Bonello na Spielmann, waliandika kwa hasira ya kisheria: hofu kwamba Ulaya itageuzwa wodi ya wagonjwa wa dunia nzima haina msingi, na haki ya kutotendewa unyama haipimwi kwa bajeti ya hospitali.

Lakini kuna kipande kifupi cha hukumu hiyo ambacho mimi, mtoto wa Rungwa, sikuweza kukipita. Mahakama iliandika kwamba dawa za ARV zipo Uganda, ingawa kwa uhaba wa fedha ni nusu tu ya wanaozihitaji ndio wanaozipata. Ikaandika kwamba N anadai hataweza kuzinunua, na kwamba hazitafika katika sehemu ya shamba anakotoka. Ikaandika kwamba ana ndugu Uganda, ingawa yeye anadai hawataweza au hawatataka kumuuguza. Kisha ikaendelea na mambo mengine.

"Anadai." Neno hilo! Mtu anasema kwetu dawa haifiki, mahakama inaandika "anadai", na hakuna aliyenyanyua simu kuuliza. Ukimwambia mkazi wa Rungwa kwamba dawa ipo nchini, atakuuliza nchini wapi. Dar es Salaam nako ni nchini. Mtu wa mjini akisikia "ipo" anaona duka la dawa la mtaa wa pili. Mtu wa shamba akisikia "ipo" anaanza kuhesabu nauli, siku za kulala njiani, na nani atabaki na watoto.

Kijana wa jezi, ambaye sasa alikuwa amevuta kiti karibu, akaona amepata pa kutokea. "Wazungu ndivyo walivyo, hawana ubinadamu." Mwenye mgahawa akaitikia. Hapo nikawakatiza wote wawili. Jamani, sisi je? Desemba 1996 serikali yetu, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, iliwatangazia wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara na Karagwe, karibu nusu milioni, kwamba wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huohuo. Maelfu walikimbilia porini kuelekea ndani ya nchi, askari wakawageuza. Mimi nilikuwa mwanafunzi, naikumbuka ile misururu kwenye picha za magazeti, vigodoro kichwani, mvua inanyesha. Nani aliwauliza mmoja mmoja, wewe una hofu gani, wewe unaumwa nini? Walikuwemo wauaji wa 1994 waliojificha humo, ndiyo. Na watoto wa kunyonya walikuwemo. Tulikuwa nchi maskini, tumebeba mzigo mkubwa, tumechoka. Uingereza tajiri ilitumia miaka kumi na mahakama tano kumsikiliza mwanamke mmoja. Nasema hivyo ili tukiwanyooshea kidole tujue na chetu kimeelekea wapi.

Mgahawa ulitulia kidogo. Chai ikaongezwa.

Lililompata N baada ya Strasbourg halikuandikwa sana magazetini. Mwaka 2015, katika kesi nyingine ya mwanamke mgonjwa dhidi ya Ubelgiji, jaji mmoja wa mahakama ileile, Pinto de Albuquerque wa Ureno, aliandika maoni yake ya kupinga wenzake. Humo alikumbusha kwamba N alirudishwa Uganda, na akafariki miezi michache baadaye. Sentensi kama mbili hivi. Zile hesabu za CD4 zilizochukua kurasa nzima zilikuwa zimefika mwisho.

Kulikuwa na mzee pembeni, amejikunja kwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Muda wote hakusema neno, nikadhani amelala. Akafungua jicho moja.

"Mwanangu mtangazaji," akasema, "huyo binti, kutoka kwao mpaka kwenye dawa ilikuwa mwendo gani?"

Nikamwambia ukweli, mzee, katika hukumu ile sikuona kilomita.

"Majaji kumi na saba?"

Kumi na saba.

Akatikisa kichwa. Alisema yeye aliwahi kumpeleka mdogo wake Itigi, zamani, kwa baiskeli hadi walipopata lori, na lori lenyewe likakwama mchangani. Walipofika, dawa ilikuwepo, tena nyingi. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemwuliza.

Nikamweleza kwamba baadaye hesabu hiyo ilikuja kuingia katika sheria. Mtu wa Georgia aitwaye Paposhvili, mgonjwa wa saratani ya damu, alikuwa akipinga kurudishwa kutoka Ubelgiji. Alifariki Juni 2016, kesi haijaisha. Mahakama ya Strasbourg iliendelea nayo hivyohivyo, na tarehe 13 Desemba 2016 jopo kubwa likalegeza msimamo wa mwaka 2008. Likasema si lazima mtu awe anakata roho ndipo alindwe. Inatosha kuonyesha kwamba akirudishwa hali yake itaharibika vibaya, upesi, bila kurejea, akapata mateso makali au maisha yake yakafupishwa sana. Na nchi inayotaka kumrudisha haiwezi kusema tu dawa ipo. Ichunguze kama yeye mwenyewe ataifikia. Itazame bei yake. Itazame kama ana ndugu wa kumshika mkono. Itazame, na haya ni maneno ya aya ya 190 kwa lugha yangu, umbali atakaosafiri kuipata.

Tarehe 29 Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo, katika kesi ya mtu wa Zimbabwe mwenye virusi vya ukimwi, iliiacha njia ya N ya mwaka 2005 na kuifuata hiyo mpya. Mtu huyo alikuwa na makosa ya jinai nyuma yake, na serikali ilikuwa inamfukuza kwa ajili hiyo. Majaji walikubaliana wote.

Siku hizi vituo vyetu vingi vya vijijini vinatoa ARV, na mtu anaweza kupewa za miezi kadhaa kwa mara moja. Ni kazi kubwa iliyofanyika, na nyingi ya fedha zake zilitoka Marekani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, kliniki nyingi za Afrika zilitikisika, na watu wakaanza kuuliza upya lile swali la "ipo". Wale majaji wa 2008 walisema mambo ya tiba hii yanabadilika kila siku. Walikuwa wanafikiria upande mmoja tu wa kubadilika.

Mzee alikuwa bado anahesabu kwa vidole. "Elfu mbili na nane," akasema, "mpaka elfu mbili na kumi na sita. Miaka minane."

Minane, mzee.

"Na binti?"

Nikamwambia alikuwa ameshafariki.

Utingo akapiga honi, springi imefungwa kwa minyororo na mpira. Kijana wa jezi ndiye aliyembebea mama madumu yake ya asali. Tukapanda, ndorobo nao wakapanda, basi likashika njia ya Itigi.